Walinzi waliotoweka: msako wa jeni zinazozuia saratani ya kinywa (uzi mrefu)

Mpima Jeli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi humu mtu aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba saratani ni "jeni mbaya unayozaliwa nayo", basi, habari imeisha. Nikaandika jibu refu, nikalifuta, nikaona huu ni uzi mzima. Nimefanya kazi maabara ya vinasaba miaka kadhaa, na muda mwingi mezani kwangu kulikuwa na vipande vya saratani ya kinywa: ulimi, sakafu ya kinywa, ufizi, shavu kwa ndani. Mimi si daktari, simtibu mtu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kitu ambacho hakipo. Kilichopo unakiona, kisichopo lazima kwanza ujue kilitakiwa kuwepo.

Kwa asiyejua ukubwa wa jambo lenyewe: mwaka 2020 watu wapatao 377,000 duniani waligundulika na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 177,000 walikufa nayo. Tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, na popoo ndio wachokozi wakubwa.

Sasa twende. Ndani ya seli kuna jeni zinazoihimiza igawanyike, na kuna zinazoiambia "ngoja kwanza". Hizi za pili ndizo ninazoziita walinzi. Kila mlinzi ana pacha wake: nakala moja umepewa na baba, nyingine na mama. Mmoja akisinzia, mwenzake anatosha kulinda lango. Tatizo linaanza wote wawili wakiondoka.

Wazo hili halikuanzia kinywani. Mwaka 1969 Henry Harris na wenzake, Uingereza, waliunganisha seli za saratani na seli za kawaida zikawa seli chotara. Ungetegemea ukorofi ushinde. Haukushinda. Chotara zilitulia, na zile zilizokuja kupoteza baadhi ya kromosomu ndizo zilizorudia tabia ya zamani. Kwa hiyo seli ya kawaida ilikuwa imekuja na kitu kinachotuliza. Miaka miwili baadaye, 1971, Alfred Knudson wa Marekani akakaa na kumbukumbu za watoto 48 wenye saratani ya jicho. Waliorithi ugonjwa waliupata mapema, mara nyingi macho yote mawili. Wasiorithi waliupata wakiwa wakubwa kidogo, jicho moja. Akasema hesabu inakaa sawa ukichukulia kwamba yanahitajika mapigo mawili: wa kwanza kazaliwa na pigo moja tayari, wa pili lazima asubiri yote mawili yaangukie seli ileile. Jeni yenyewe, RB1, ilikuja kunaswa 1986.

Kwenye kinywa hatukuwa na familia za kufuatilia namna hiyo. Ni wachache sana wanaozaliwa na hatari kubwa ya saratani hii. Kundi linalojulikana zaidi ni wenye ugonjwa wa Fanconi, ambao mashine zao za kukarabati DNA ni mbovu tangu tumboni. Wengine wote mapigo yao mawili yametokea ukubwani, humohumo mdomoni. Hapo ndipo yule ndugu wa juzi alipopotoka.

Sasa unamtafutaje mlinzi aliyetoweka wakati hujui jina lake? Unatafuta lango lisilo na mtu.

Unachukua damu ya mgonjwa na kipande cha uvimbe wake. Damu inakuambia alizaliwaje. Unachagua sehemu kwenye kromosomu yenye herufi zinazojirudia, CACACACA, ambazo wingi wake kwa kawaida hutofautiana kati ya nakala ya baba na ya mama. Unaizidisha kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi, unaipitisha kwenye jeli yenye umeme. Damu inatoa mistari miwili, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Ukiona uvimbe nao umetoa miwili, hapo hapajaguswa. Ukitoa mmoja, kipande cha kromosomu kimeng'oka. Na mgonjwa akiwa amerithi urefu uleule kwa wazazi wote wawili, hata damu inatoa mstari mmoja, huna la kusema, unahamia sehemu nyingine.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Mezani, ule mstari wa pili haupotei vizuri. Unabaki kama maandishi ya penseli yaliyofutwa na kifutio kibovu. Ni kwa sababu uvimbe hauna seli za saratani peke yake. Ndani mna mishipa, misuli, na seli za kinga zilizokuja kupigana, na zote hizo bado zina nakala mbili. Kwa hiyo unakaa na hadubini na sindano, unakwangua visiwa vya saratani tu kutoka kwenye kioo, kimoja kimoja. Mgongo unajua. Niliwahi kupoteza wiki nzima na uvimbe mmoja uliokuwa unanipa mistari miwili iliyonyooka kabisa. Kumbe kioo nilikiweka kichwa chini, ramani ya mtaalamu wa patholojia ikawa inaelekeza kulia na mimi nakwangua kushoto. Nilikuwa nimepima msuli wa ulimi mzima usio na tatizo lolote.

Unarudia hivyo kwa mgonjwa wa kwanza, wa kumi, wa hamsini. Pale ambapo kila mgonjwa amepoteza kipande, ingawa kila mmoja kapoteza kwa urefu wake, unatafuta eneo dogo ambalo wote wamelipoteza. Humo ndimo mlinzi alimokuwa anakaa.

Nitaendelea na majina kwenye posti inayofuata, hapa imeshakuwa ndefu.

kiroboto77

Niko siti ya mbele mkuu, shusha nondo. Ila swali la haraka kabla hujaenda mbali. Nilisikia tembo hapati saratani kirahisi kwa sababu ya hayo mambo. Kweli au stori za kijiweni?

Mpima Jeli

Kiroboto, hiyo ina msingi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba tembo ana nakala karibu 40 za jeni ya TP53 (20 kutoka kila mzazi), wakati sisi tuna hizo mbili tu. Nyingi ya hizo za ziada ni matoleo yaliyofupishwa, lakini seli ya tembo ikiumizwa DNA hujiua upesi kuliko ya binadamu. Na umenirahisishia kazi, maana TP53 ndiyo naanza nayo.

Protini yake, p53, iligunduliwa 1979, na kwa miaka kumi watu waliihesabu upande wa wahalifu. Ukiiweka ndani ya seli, seli inachachamaa. Baadaye ikabainika kwamba nakala zilizokuwa zikizunguka maabara nyingi zilikuwa tayari zimeharibika; walikuwa wanampima mlinzi aliyekwisha kununuliwa. Ilipopatikana iliyo nzima ikaonekana inazuia, na 1989 ikahamishiwa rasmi upande wa walinzi. Iko mkono mfupi wa kromosomu 17. Kazi yake ni kusimamisha seli yenye DNA iliyojeruhiwa ijikarabati, na ikishindikana ijiue.

Kwenye saratani za kichwa na shingo hakuna jeni inayoharibika mara nyingi kama hii. Na mkono wa moshi unaonekana. Mwaka 1995 walipimwa wagonjwa 129: waliokuwa wanavuta sigara na kunywa pombe, asilimia 58 walikuwa na TP53 iliyoharibika, wanaovuta bila kunywa, asilimia 33, wasiofanya lolote kati ya hayo, asilimia 17. Ile 17 huwa inanikaa kichwani, maana inaonyesha kuna njia nyingine za kufika palepale.

Wa pili ni p16. Mwaka 1994 kundi la David Sidransky, Johns Hopkins, lilionyesha kwamba kipande kinachopotea zaidi kwenye saratani hizi kiko mkono mfupi wa kromosomu 9, eneo la 21, na kinapotea mapema, hata kabla saratani haijaitwa saratani. Mwaka huohuo jeni ya p16, yaani CDKN2A, ikatangazwa, na iko hapohapo 9p21 (p ni mkono mfupi wa kromosomu, q ni mkono mrefu). Shangwe. Kisha wakaisoma herufi kwa herufi kwenye uvimbe wa wagonjwa, na katika nyingi hawakukuta kosa. Nakala moja imeng'oka, sawa, lakini iliyobaki ni safi! Wengine wakaanza kusema p16 siye, mlinzi wa kweli ni jirani yake.

Jibu lilikuja 1995 kwa njia mbili. Kwanza, uvimbe mwingine ulikuwa umepoteza nakala zote mbili kwa kipande kidogo sana, na ile penseli iliyofutwa vibaya niliyoisema ndiyo iliyokuwa ikiwadanganya. Pili, na hii ndiyo ninayoipenda, nakala iliyobaki ilikuwa nzima ila imezibwa mdomo: vikundi vya metili, vibandiko vidogo vya kikemikali, vimebandikwa kwenye mwanzo wa jeni, seli haiwezi kuisoma. Hakuna herufi iliyobadilika. Mlinzi yuko zamu, kafungwa kitambaa usoni. Toka hapo, mtu akisema "nimesoma jeni yote haina kosa", swali la kwanza ni: inasikika?

Kuna na la ziada hapo 9p21. Kipande hichohicho cha DNA kikisomwa kwa mpangilio mwingine kinatoa protini ya pili, ARF, ambayo inamkinga p53 asiharibiwe. Kung'oka mara moja, hasara mbili.

Mzee wa Hoja

Mleta uzi, nakufuatilia kwa makini, umeandika vizuri. Lakini mimi nina mashaka na hizi tafiti. Si kuna daktari wa Norway aliyebuni wagonjwa wa saratani ya kinywa, akachapishwa kwenye jarida kubwa kabisa? Tutajuaje na hizi si zilezile?

Pili, tangu 1989 mnajua p53. Dawa iko wapi?

Mpima Jeli

Mzee wangu, shikamoo. La Norway ni kweli tupu na ni aibu ya fani. Makala ilitoka The Lancet mwaka 2005, ikidai kuchunguza watu 908. Ilipokaguliwa, 250 kati yao walikuwa na tarehe moja ya kuzaliwa. Ikafutwa 2006, na kazi zake nyingine kuhusu madoa meupe ya kinywa zikafuata. Tutajuaje? Kwa kuona watu wasiojuana wanapata kitu kilekile. 9p21 na TP53 zimeonekana na makundi mengi, kwa mbinu tofauti. Mwaka 2015 mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma vinasaba vya saratani ulitoa matokeo ya uvimbe 279 wa kichwa na shingo, kinywa kikiwa ndicho kingi, na TP53 ilikuwa imeharibika kwa zaidi ya saba katika kila kumi.

Kuna zilizochujwa pia. Mkono mfupi wa kromosomu 3 hupotea sana kwenye kinywa, na mwaka 1996 jeni ya FHIT ikatangazwa kutoka 3p14. Tatizo: imekaa juu ya mahali ambapo kromosomu hukatika kirahisi hata bila sababu. Sasa lango lisilo na mtu ni la mlinzi aliyeuawa, au ni ukuta mbovu unaoanguka kila mvua ikinyesha? Watu wameligombania hilo kwa miaka. Maoni yangu, ambayo hayana uzito wowote nje ya uzi huu: FHIT inafanya kitu, lakini sifa iliyopewa mwanzoni ilizidi.

Kuhusu dawa, hapo umegonga penyewe. Dawa nyingi kazi yake ni kuziba kitu kinachofanya kazi kupita kiasi. Kitu ambacho hakipo utakizibaje? Lazima ukirudishe, na ukirudishe kwenye kila seli. China iliidhinisha mwaka 2003 dawa ya kupeleka p53 nzima kwa kutumia virusi, kwa ajili ya saratani za kichwa na shingo hasa. Ndugu yake wa Marekani alikataliwa 2008. Virusi vikidungwa kwenye uvimbe haviwezi kufika kila kona, na seli chache zilizokosa mgao zinatosha kuanzisha upya.

Faida ya karibu zaidi imekuwa kwenye kujua. Mfano: daktari wa upasuaji amekata uvimbe, kingo zimepelekwa kwenye hadubini, jibu "safi". Mwaka 1995 walichukua wagonjwa 25 wa hali hiyo wenye TP53 iliyoharibika, wakatafuta kosa lilelile la herufi kwenye zile kingo safi. Wagonjwa 13 walikutwa nalo. Kati ya hao 13, watano saratani ilirudi palepale. Kwa 12 waliobaki hakuna hata mmoja.

Bint Sauda

Kaka Mpima Jeli, samahani naingilia. Baba ana doa jeupe pembeni mwa ulimi, ana miezi kama minne nalo, halitoki hata akilisugua na mswaki. Haliumi. Kaambiwa "tuangalie kwanza". Je, kuna hicho kipimo cha jeni tumfanyie?

Dokta Meno

Dada yangu, mimi ni wa meno, niruhusu nitangulie kabla ya wa jeli. Doa jeupe lisilofutika na lisilo na sababu inayoeleweka linaitwa leukoplakia. Mengi hayageuki saratani. Lakini pembeni mwa ulimi, chini ya ulimi na sakafu ya kinywa ni sehemu tusizozichezea, na likiwa na wekundu ndani yake tunaliogopa zaidi. Kutoumia si dalili njema wala mbaya. Saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Miezi minne ni mingi. Kidonda au doa likipita wiki mbili bila kueleweka, linakatwa kipande kidogo, linapimwa. Anza hapo. Jeni baadaye.

Mpima Jeli

Naunga mkono hoja, dada. Kipande kwanza.

Ila swali lako ndilo lililotufanya tukeshe. Wenye madoa kama ya baba ni wengi, watakaougua ni wachache, na hadubini peke yake haiwatofautishi vizuri. Mwaka 1996 walichunguzwa watu 37 wenye madoa hayo. Kati ya 19 waliopoteza kipande 9p21 au 3p14, saba walikuja kupata saratani. Kati ya 18 ambao hawakupoteza, mmoja. Mwaka 2000 kundi la Kanada likaongeza: ukipoteza 3p au 9p peke yake hatari inapanda mara 3.8 hivi, lakini ukipoteza hizo pamoja na mikono mingine ya kromosomu inaruka hadi mara 33. Baadaye, jaribio kubwa lililotoka 2016 likawafuata watu kuanzia mwanzo: baada ya miaka mitatu waliokuwa hawana upotevu, asilimia 87 hawakuwa na saratani, wenye upotevu, asilimia 74. Hao wenye upotevu ndio waliojaribiwa dawa ya kuzuia, erlotinibu. Haikusaidia chochote.

Kwa hiyo kipimo kinaona kweli. Bado hakijawa cha kila kliniki, na kikionyesha hatari, jibu ni kufuatilia kwa karibu au kulikata doa.

kiroboto77

Swali la kizushi. Kama mlinzi akiondoka ndiyo saratani, mbona wavutaji wengine wanafika miaka 90 wanacheka tu?

Mpima Jeli

Si la kizushi hata kidogo. Kumpoteza mlinzi mmoja hakutoshi kuleta saratani; mwaka 1996 ilipangwa ramani ya hatua kwa kichwa na shingo: 9p hutangulia, kisha 3p na 17p, halafu 11q, 13q na wenzao. Lakini la kushangaza zaidi linahusu NOTCH1. Mwaka 2011 makundi mawili yalisoma jeni zote za saratani za kichwa na shingo, na yote mawili yakakuta NOTCH1 imevunjwa. Watu waliduwaa, kwa sababu kwenye aina moja ya saratani ya damu NOTCH1 ndiye mchochezi mwenyewe. Huku mlinzi, kule jambazi. Kwenye utando wa kinywa kazi yake ni kuiambia seli ikomae na iache kugawanyika, kwenye damu ujumbe wake ni mwingine.

Kisha 2018 wakapima umio wa watu wasio na saratani, na kwa wenye umri wa kati na kuendelea NOTCH1 iliyoharibika ilikuwa imetapakaa kuliko hata inavyoonekana kwenye saratani za umio zenyewe. Maana yake kukuta jeni imevunjika hakutoshi kumtia hatiani. Tangu nisome hiyo, majibu yangu ya jeli nayaangalia kwa jicho jingine.

Mama Wawili

Wakuu mimi nimechanganyikiwa. Mjomba ana saratani kwenye tonsili, ripoti imeandikwa "p16 chanya" na daktari akasema hiyo ni habari nzuri. Wewe unasema p16 hupotea. Nani mkweli?

Mpima Jeli

Wote, dada. Tonsili ni koo, na huko mara nyingi mhusika ni kirusi cha HPV, ambacho kwenye kinywa chenyewe ni nadra. Kirusi hakihangaiki kuvunja jeni. Kina protini mbili: E6 inampeleka p53 akaharibiwe, E7 inamshika protini ya RB, yuleyule wa saratani ya jicho. RB akishikwa, seli inazalisha p16 kwa wingi kujaribu kufunga breki, lakini breki hiyo hupitia kwa RB ambaye hayupo, kwa hiyo p16 inajazana bure. Ndiyo "chanya" ya mjomba: ni alama ya nyayo za kirusi. Na ni habari nzuri kwa sababu saratani hizo za koo hupona vizuri zaidi kwa matibabu, na TP53 yao huwa nzima, imefungwa tu.

Bint Sauda

Asanteni sana kaka na dokta. Nimemsomea baba posti ya dokta neno kwa neno, kanuna, halafu kakubali. Tumepangiwa Alhamisi wamkate kipande. Nitaleta mrejesho.

Mpima Jeli

Allah amfanyie wepesi. Kipande kitagandishwa kwenye nta na kuhifadhiwa, kinadumu miaka. Omba namba ya hicho kibonge cha nta uiandike mahali. Ikija kuhitajika kupima 9p, hawatamkata tena.